Mkojo Ukisumbua, Tusione Haya Kusema

(Mazungumzo na wahitimu wa kisomo na wazee wa Mazinde)

  

Leo tumekuja na jambo ambalo si rahisi kulitamka. Sisi walimu wa elimu ya watu wazima ni kama watoto wenu. Kwa mila zetu, mtoto hasimami mbele ya baba yake akaanza kutaja mambo ya haja ndogo. Kwa hiyo kwanza tunaomba radhi. Lakini ninyi wazee ndio mliotufundisha kwamba mficha uchi hazai. Tukiona haya kusema hapa barazani, tutakuja kulia baadaye. Basi mtuvumilie.

Jambo lenyewe ni kukua kwa tezi dume. Ni ugonjwa wa wanaume wenye umri mkubwa.

Wengi hapa mnaukumbuka mwaka 1973. Ulikuwa mwaka wa kampeni ya Mtu ni Afya. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma kitabu, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo. Kijana aliyechimba choo mwaka ule leo amepita miaka 70. Usiku anakwenda chooni mara tano au sita. Anasimama gizani muda mrefu, na mkojo hautoki. Mwaka 1973 watu walijifunza kwa nini wachimbe choo. Leo tujifunze kwa nini mzee anakesha chooni.

KISA CHA MZEE MMOJA

Tuanze na kisa. Mwenyewe ametupa ruhusa tukisimulie, ila tusimtaje jina.

Mzee huyu alikata mkonge miaka mingi. Alipopumzika kazi alikuja darasani kwetu kujifunza kusoma na kuandika. Alikuwa mwanafunzi mzuri. Lakini kila siku alikaa karibu na mlango. Somo likianza tu, anatoka. Anarudi, anakaa, anatoka tena. Vijana wakaanza kucheka. Sisi walimu hatukuwakataza. Tulidhani mzee amechoka na masomo.

Baadaye akaacha kuja. Wiki ya kwanza, ya pili, mwezi. Katika daftari la mahudhurio tukaandika neno moja: mtoro.

Kumbe mzee alikuwa mgonjwa. Kwa muda wa miaka miwili mkojo ulikuwa unatoka kidogo kidogo. Hakumwambia mkewe. Hakuwaambia watoto. Aliacha kupanda basi kwenda Korogwe, maana basi halisimami kila mtu anapotaka. Aliacha kunywa maji, akidhani mkojo utapungua. Siku ya mnada alinunua chupa ya dawa ya mizizi kwa muuzaji wa kupita. Alikunywa ikaisha, akanunua nyingine.

Siku moja mkojo ukagoma kabisa. Tangu asubuhi mpaka usiku hakutoka hata tone. Tumbo chini ya kitovu likavimba, likawa gumu kama ngoma. Mzee alilia kwa maumivu. Ndipo mwanawe akatafuta usafiri, wakaenda hospitali. Wauguzi walimwekea mpira wa mkojo. Ukatoka mkojo wa lita moja na nusu. Alipopimwa damu, figo zilikuwa zimeanza kuchoka.

Asubuhi yake daktari alimwuliza, "Babu, shida hii ilianza lini?" Daktari alikuwa binti, umri wa mjukuu wake. Mwanawe naye alikuwa amesimama pale pale. Mzee akajibu, "Sijui." Akaulizwa tena, akanyamaza.

Usiku ule mzee aliomba kalamu. Akaandika nyuma ya karatasi ya dawa: "Mkojo unatoka kidogo kidogo. Usiku naamka mara sita. Ulianza mvua za mwaka juzi. Naona haya." Asubuhi akampa daktari karatasi ile. Daktari akaisoma, akamtuma kijana nje kununua chai, kisha akaketi karibu na kitanda. Tangu hapo matibabu yakaenda vizuri.

Ndugu zetu, karatasi ile ndiyo iliyotufanya tuje hapa leo. Tutairudia mwishoni.

TEZI DUME NI KITU GANI?

Kila mwanamume anayo tezi dume tangu kuzaliwa. Si ugonjwa. Ni kiungo cha mwili, kama figo au ini. Kazi yake ni kutoa majimaji yanayochanganyika na mbegu za uzazi.

Tezi hii iko wapi? Iko chini ya kibofu, yaani mfuko unaotunza mkojo. Mrija wa mkojo ukitoka kwenye kibofu unapita katikati ya tezi hii. Kwa kijana, tezi ina ukubwa wa ndimu ndogo. Mwanamume akifika miaka 40 au 50, tezi huanza kukua polepole. Kwa wengine hufika ukubwa wa chungwa.

Sasa fikirini mpira wa kumwagilia bustani. Mtu akiukanyaga, maji yatapita? Yatapita kidogo tu. Ndivyo tezi inavyofanya. Ikikua inaubana mrija unaopita katikati yake. Kibofu kinasukuma kwa nguvu, lakini njia ni nyembamba. Mwishowe kibofu kinachoka, na mkojo unabaki ndani.

Kwa nini tezi hukua? Ni kwa sababu ya umri na kwa sababu ya kemikali za mwili wa kiume zinazoitwa homoni. Wanaume wa miaka 60, karibu nusu yao tezi zao zimekua. Wakifika miaka 80, ni wengi zaidi sana. Si wote wanaosumbuka, lakini wapo wengi. Kwa hiyo mzee akipata shida hii, asidhani yuko peke yake. Huenda jirani yake anayecheza naye bao naye anaamka usiku, ila anaficha.

Tena tuseme wazi mambo ambayo si sababu. Ugonjwa huu si kurogwa. Hauambukizwi. Hautokani na kisonono, wala na ujana wa mtu alivyoutumia. Mke asimshuku mumewe, na mume asimshuku mkewe.

DALILI ZAKE

Dalili ni hizi:

1. Mkojo unachelewa kuanza. Mtu anasimama anangoja.
2. Mkojo hauna nguvu, au unakatika katikati.
3. Mtu anamaliza, lakini anahisi bado umebaki.
4. Matone yanaendelea kutoka na kulowesha nguo.
5. Anabanwa ghafla, hawezi kungoja.
6. Anaamka mara nyingi usiku.

Mtu akiona mbili au tatu kati ya hizi, aende kupima. Asingoje ziwe sita.

Lakini tuwe waangalifu. Dalili hizi zinaweza kuletwa na magonjwa mengine. Kisukari nacho humwamsha mtu usiku. Kisonono cha zamani kisichotibiwa kinaweza kuacha kovu ndani ya mrija. Sisi tunaolima mpunga mabondeni tunakijua kichocho, kinacholeta damu kwenye mkojo. Tusichanganye pia na busha au ngiri. Hayo huonekana kwa nje. Tezi dume iko ndani, haionekani kwa macho.

Na je, saratani? Watu wengi wakisikia "tezi dume" wanafikiri saratani. Hapana. Kukua kwa tezi tunakokuzungumza leo si saratani, na hakugeuki kuwa saratani. Lakini saratani ya tezi dume nayo ipo, nayo inawapata wanaume wengi katika nchi yetu. Mwanzoni mara nyingi haina dalili. Tena mtu mmoja anaweza kuwa na yote mawili. Hakuna awezaye kuyatofautisha kwa kukisia akiwa nyumbani. Ndiyo sababu ya kwenda kupima.

KIPIMO CHA KIDOLE

Hapa ndipo wanaume wanapokimbia. Tusifiche.

Daktari atamwuliza mzee maswali. Atapima mkojo kuona kama una wadudu, damu au sukari. Atapima damu kuangalia figo. Kipo pia kipimo cha damu cha tezi dume yenyewe. Namba ya kipimo hicho ikiwa kubwa, si lazima iwe saratani. Hata tezi iliyokua tu huipandisha. Tena ipo picha ya ultrasaundi, inayoonyesha ukubwa wa tezi na mkojo unaobaki.

Halafu kipo kipimo cha kidole. Daktari anavaa glavu, anapaka mafuta, anaingiza kidole kimoja katika njia ya haja kubwa. Kwa nini huko? Kwa sababu tezi imepakana na njia ile, na kidole kinaweza kuigusa. Anataka kujua: je, ni laini au ina uvimbe mgumu? Kazi hii haimalizi hata dakika moja. Haiumizi sana. Haimpunguzii mwanamume heshima yake.

Kina mama hapa wamezaa watoto hospitali na zahanati. Wanajua kupimwa ni kitu gani. Hakuna hata mmoja aliyerudi nyumbani akiwa si mwanamke. Sasa je, sisi wanaume tuogope dakika moja?

MATIBABU YAKO YA NAMNA TATU

Ya kwanza ni kubadili mazoea. Kama shida ni ndogo, daktari anaweza kusema: tungoje, tuangalie. Wakati huo mzee anywe maji ya kutosha mchana, lakini apunguze saa mbili kabla ya kulala. Asiache kunywa maji kabisa. Mkojo mzito huleta wadudu na mawe kwenye kibofu. Usiku apunguze chai na kahawa. Pombe, hata ile ya miwa, inazidisha shida. Ale mboga na matunda ili choo kiwe laini, maana choo kigumu nacho hubana. Akojoe kabla ya safari na kabla ya kulala. Akimaliza, asubiri kidogo, ajaribu tena. Na asinunue dawa za mafua dukani bila kuuliza, maana baadhi yake hufunga mkojo.

Ya pili ni vidonge. Viko vya aina mbili. Aina moja, kama tamsulosini, hulegeza misuli ya tezi na ya shingo ya kibofu. Mkojo unaanza kupita vizuri baada ya siku chache au wiki chache. Dawa hizi zinaweza kuleta kizunguzungu. Mzee akiamka, akae kwanza kitandani, kisha asimame polepole. Aina ya pili, kama finasteridi, hupunguza ukubwa wa tezi yenyewe. Hii haina haraka. Inaweza kuchukua miezi sita mtu kuona faida. Wengi huacha mwezi wa kwanza wakisema dawa haifai. Tusiache bila kumwuliza daktari.

Ya tatu ni upasuaji. Unafanywa kama vidonge vimeshindwa, mkojo unagoma mara kwa mara, figo zinaumia, au kuna mawe. Njia moja ni kupitisha chombo chembamba katika njia ya mkojo na kukata sehemu ya tezi inayobana. Tumbo halipasuliwi. Njia nyingine, kama tezi ni kubwa sana, ni kupasua chini ya kitovu. Baada ya hapo mzee hukaa na mpira siku kadhaa. Damu kidogo kwenye mkojo siku za mwanzo ni kawaida. Asishike jembe wala kubeba mzigo mzito kwa wiki kama sita, au kama daktari atakavyosema.

Tunajua swali lililoko mioyoni mwenu. "Je, nitabaki mwanamume?" Wengi hubaki na nguvu zao kama zilivyokuwa kabla. Kinachobadilika mara nyingi ni kwamba mbegu hazitoki nje. Zinarudi kwenye kibofu na kutoka na mkojo. Hilo halina madhara, ila kupata mtoto huwa vigumu. Vidonge navyo vinaweza kubadili kidogo mambo ya ndoa kwa baadhi ya watu. Mwulizeni daktari kabla, na mama awepo akisikia. Jambo jingine: katika upasuaji huu tezi haiondolewi yote. Sehemu ya nje hubaki. Kwa hiyo mzee aendelee kupimwa hata baada ya kupona.

NA DAWA ZA MITI JE?

Wazee wa milimani wanaijua miti kuliko sisi. Hatukuja kuidharau. Katika misitu ya Usambara, na katika milima mingine ya Afrika, uko mti ambao wataalamu huuita Prunus africana. Gome lake limepasuka-pasuka, na majani yake yakipondwa hunukia kama lozi. Tangu miaka ya 1970 gome hilo limepelekwa Ulaya kutengenezea dawa ya tezi dume. Lilichunwa mno, miti ikafa. Mwaka 1995 mti huo uliingizwa katika orodha ya mimea ambayo biashara yake inasimamiwa na mataifa.

Je, linasaidia? Kwa baadhi ya watu linapunguza kidogo dalili, kama kuamka usiku. Lakini halifungui mkojo uliogoma. Halitofautishi saratani na isiyo saratani. Na chupa ya mnadani hatujui ndani yake kuna nini, wala kiasi gani. Mzee wetu wa kisa chetu alikunywa chupa mbili, na huku figo zake zinaumia. Anayetumia mitishamba asifiche. Amwambie daktari.

MKOJO UKIGOMA KABISA

Hapa tusikilizane vizuri. Mkojo ukigoma kabisa, ni hatari. Usingoje kuche. Usinywe maji mengi ukidhani yatasukuma. Usikandwe wala kubonyezwa tumbo. Nenda hospitali saa ile ile. Atawekewa mpira, na nafuu huja mara moja.

Pia tusingoje tukiona damu kwenye mkojo, au homa pamoja na maumivu ya kiuno.

Mzee akirudi nyumbani na mpira, tumtunze hivi: Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kuugusa. Safisha mahali unapoingilia kila siku kwa maji na sabuni. Mfuko wa mkojo uwe chini kuliko kibofu, lakini usiguse sakafu. Usiuvute mpira. Mzee anywe maji, ila kama daktari amempangia kiasi, afuate hicho. Akipata homa, au mpira ukiziba, arudi hospitali.

TUENDE WAPI?

Tuanzie zahanati au kituo cha afya. Kutoka hapo tutaandikiwa kwenda mbele. Sisi wa Mazinde tuko barabarani, tuna nafuu kuliko wengi. Kwa upande mmoja tunapita Mombo mpaka Korogwe, kwenye Hospitali ya Magunga. Tukipelekwa mbele zaidi tunakwenda Tanga, Hospitali ya Bombo. Kwa upande mwingine, kupitia Same, ipo KCMC mjini Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971. Hapo wako mabingwa wa magonjwa ya njia ya mkojo.

Na gharama? Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtaja mzee kuwa ni mtu wa miaka 60 na kuendelea. Serikali imeagiza wazee wasio na uwezo watibiwe bila malipo. Hospitali nyingi zina dirisha la wazee. Nendeni ofisi ya kijiji mkaulize ni karatasi gani inatakiwa. Dawa nyingine na upasuaji vinaweza kuwa na gharama, hivyo ulizeni mapema, kabla ugonjwa haujawakimbiza usiku.

KALAMU ISEME MDOMO UNAPOSHINDWA

Sasa turudi kwenye karatasi ya mzee.

Ninyi wahitimu mmejifunza kusoma na kuandika. Mnaandika barua, mnasoma mizani ya mazao, mnasoma gazeti hili. Tumieni kisomo hicho kwa mwili wenu. Chukua daftari. Kwa siku tatu andika umekojoa mara ngapi mchana, mara ngapi usiku, na kama ulingoja mkojo kutoka. Andika dawa zote unazokunywa. Andika shida ilianza lini. Mpelekee daktari. Kwake karatasi hiyo ni msaada mkubwa. Na kwako wewe unayeona haya, ni njia ya kusema bila kutamka.

Vijana nao wasaidie. Mtoto akiona vigumu kumwuliza baba, amtume mjukuu. Babu na mjukuu wana utani wao. Na kina mama, ninyi ndio mnaojua mzee ameamka mara ngapi. Msinyamaze.

Mwisho wa kisa ni huu. Mzee alipewa vidonge, mpira ukatolewa, mkojo ukagoma tena. Akafanyiwa upasuaji. Figo zake zikapata nafuu. Leo amerudi darasani, na hakai tena karibu na mlango. Siku aliyorudi tulifungua daftari la mahudhurio mbele yake. Tukafuta neno "mtoro," tukaandika "mgonjwa." Tukamwomba radhi. Maana mwalimu anayeona mtu anatoka nje kila mara, asimwulize kwa upole ana nini, naye ana kosa.



MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini mzee wa kisa hiki alichelewa kwenda hospitali? Nani angeweza kumsaidia mapema?
2. Tutaje dalili nne za kukua kwa tezi dume.
3. Mkojo ukigoma kabisa usiku, hapa kijijini kwetu tutafanya nini? Nani ana chombo cha usafiri?
4. Kila mmoja aandike karatasi ya kumpelekea daktari, kwa ajili yake mwenyewe au kwa ajili ya mzee wake.